Swali la Kwanza ni la Jikoni

Sura ya Tisa

Delvina Pelkey alikata matufaha tangu asubuhi, na kila alipopasua moja alitabasamu peke yake, kama mtu aliyeficha kitu kitamu chini ya ulimi. Wenzake jikoni walimwona wakakonyezana. Walikuwa wanamjua tangu ana meno ya utoto, kwa hiyo hakuwa na cha kuwaficha. Na hicho alichodhani amekificha kilikuwa kirefu, chembamba, kimevaa miwani, na saa hiyo kilikuwa ukumbini kikipigana na nyaya za projekta.

Jina lake Dokta Everett Haskell, mwalimu wa miti ya matunda kutoka chuo kikuu. Shati alilovaa lilipigwa pasi na Delvina. Hilo pia jikoni walikuwa wanalijua. Hakuna mwanamume anayeishi peke yake ambaye kola yake inasimama vile.

Chuo kikuu kilikuwa mbali, safari nzuri ya gari kupitia misitu, lakini watu wa mji mdogo wa Tarbell hawakuona haja ya kukifuata. Chuo ndicho kilichowafuata wao. Majira ya baridi na masika kilileta kozi fupi: kufuga nyuki, kutengeneza jibini, kupima udongo, kukata matawi. Majani yalipoanza kuwa mekundu kikaleta mihadhara ya wazi, Jumamosi mchana, bure kwa kila mwenye masikio, katika Ukumbi wa Wakulima. Na watu walijaa. Walijaa kuliko kanisani, kwa sababu kanisani huwezi kunyoosha mkono ukauliza.

Maswali yalikuwa na utaratibu wake pale. Zamani alikuja bingwa mmoja wa nyota, akazungumza, akaulizwa, akajibu, akamaliza yote kabla wanawake waliokuwa wanaosha vikombe hawajafuta mikono. Wanawake hawakulalamika. Walizima tu birika la kahawa, wakafunga kabati la keki, wakakaa. Tangu siku hiyo ikawa sheria isiyoandikwa popote: mhadhara ukiisha, swali la kwanza ni la jikoni. Hata aje waziri, atangoja jikoni waulize.

Delvina alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hajawahi kuuliza swali hilo hata mara moja. Alikuwa mtu wa kimya, wa kazi. Wengi walidhani ameshakwisha kupangwa na maisha: shamba alilorithi, shangazi wa kumtunza, mbwa, basi. Kisha Machi ile dhoruba ya barafu ikavunja tawi kubwa la mtufaha wa mama yake, nyuma ya nyumba, naye akajiandikisha kwenye kozi ya kubebesha, ili ajifunze kuuokoa.

Kubebesha ni kuchukua kijiti cha mti unaoupenda, ambacho wenyewe wanakiita kikonyo, ukakikata kwa mshazari, ukakata vilevile shina la mti mwingine, ukavilaza vidonda viwili pamoja, ukavifunga utepe. Vikipendana, vinakuwa mti mmoja. Visipopendana, kikonyo kinakauka. Sasa, ukiwaweka mwanamume mjane na mwanamke mpweke kwenye zizi lenye baridi, ukawaambia wafanye hivyo juma zima, bega kwa bega, halafu ukashangaa matokeo, ujue wewe ndiye mwenye kasoro.

Siku ya pili Everett, ambaye ndiye mwalimu wa kozi, alimshika Delvina mkono kumwonyesha jinsi ya kuelekeza kisu. Akamwambia asiogope kisu.

"Kisu sikiogopi," Delvina alijibu bila kuinua macho. "Naogopa mwalimu."

Zizi zima lilicheka. Everett akawa mwekundu mpaka masikioni, na masikio yake yalikuwa makubwa, kwa hiyo wekundu ulikuwa na nafasi. Hapo ndipo Delvina alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Kozi ilipokwisha, Everett alirudi kuutazama mti. Aliuzunguka, akagusa ganda, akachukua matumba machache akaenda kuyapima chuoni. Aliporejea, mwezi Mei, alikuwa anakimbia kutoka kwenye gari. Alisema mti ule haufanani na wowote unaojulikana. Watu wa matufaha wanalijua jambo hili: mbegu ya tufaha haizai mama yake, kila mbegu inakuja na lake jipya, na nyingi zinakuja na uchachu mtupu. Ule wa Aurore Pelkey, mama yake Delvina, uliota kutokana na mbegu iliyotupwa kando ya banda la nguruwe, ukaja na tunda jekundu lenye nyama nyeupe kama theluji, tamu, na lenye tabia moja ya ajabu. Likikatwa halibadiliki rangi. Matufaha mengine ukiyakata yanageuka kahawia kabla hujafika mezani. Hilo ukilikata asubuhi, mchana bado jeupe. Baba yake Delvina alitaka kuukata mti ule ungali mche, apanue banda. Aurore alikwenda akasimama mbele ya shoka, beseni la nguo kiunoni, akamuuliza mumewe kama anataka kulala na nguruwe. Banda likabaki dogo.

"Mti mmoja tu, duniani kote," Everett alisema jioni ile, maharagwe ya kuoka yakipoa mbele yake. "Lazima upate jina."

Delvina alikuwa amesimama na upawa mkononi.

"Tutaliita Aurore," Everett akasema.

Delvina aligeukia jiko akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu, maana mama yake alikufa bila jina lake kuandikwa popote zaidi ya jiwe la kaburi, na hapa palikuwa na mtu anayetaka kuliweka mdomoni mwa dunia.

Kesho yake Everett alileta kikonyo kutoka kwenye mti wa nyumbani kwake, wakakibebesha pamoja kwenye tawi la chini la mti wa Aurore. Tawi la kwangu juu ya mti wa kwenu, alisema. Kwa watu wa kule maneno hayo yanakaribia pete. Walifunga utepe kwa mikono minne, vidole vikikorofishana kwa makusudi, wakakubaliana kwamba watakuja kuufungua pamoja, siku ya mhadhara wa matufaha, baada ya watu kutawanyika. Vikonyo vya mti wa mama vyenyewe visikatwe mwaka huo, walisema, mti upumzike kwanza na kidonda cha barafu. Watakata Machi ijayo wawape watu.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Shangazi Odile, dada wa baba yake Delvina, alikuwa anakaribia miaka themanini na bado aliweza kusikia kijiko kikianguka nyumba ya pili.

Alisema yeye hamwamini mwanamume anayepiga picha kila anachokipenda. Alisema anakuja na kisu mfukoni kila siku, na siku moja atakata. Delvina akamjibu kwamba ni kisu cha kazi. Shangazi akameza chai yake polepole.

"Amekwambia habari za mkewe?"

"Alifariki, Shangazi. Unajua."

"Sijauliza kama amekufa, mwanangu. Nimeuliza kama amekwambia habari zake."

Delvina akasema kila mtu ana kidonda chake na wakati wake wa kukionyesha. Shangazi alikubali kwa kichwa, kukubali kule ambako ni afadhali kukataa.

Sasa Jumamosi ikafika. Asubuhi Everett aliingia jikoni kabla ya watu, akamkuta Delvina na kapu. Delvina alimwambia amechagua mazuri tupu, yasiyo na doa, kwa heshima ya mama. Everett aliyatazama, akasema yanapendeza. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akaenda kutafuta nyaya.

Mhadhara ulianza. Delvina alisimama kwenye dirisha la kupitishia chakula, akaacha kisu kikate chenyewe. Ukutani ulitokea ua wa nyumba yake, mti wa mama yake, halafu mkono wake mwenyewe, mkubwa kama mlango, umeshika tufaha. Watu waligeuka wakamtazama dirishani, naye akajifanya anahesabu njiti za meno. Everett alizungumza vizuri. Alikuwa na sauti ya kumbembeleza mtu mgonjwa. Sahani zilipopita safu kwa safu ukumbi ulinyamaza, ukawa unasikia kutafuna tu, na halafu mlio ule wa pua ambao watu wa Tarbell huutoa wanapokubali kitu na hawataki kusifu.

"Tufaha hili halikuwa na jina," Everett alisema. "Leo linalo."

Bi Hattie Grindle, mwenye funguo za jikoni na za umbea wote wa Tarbell, alimsukuma Delvina kiunoni, akamnong'oneza arekebishe nywele. Delvina alivua aproni. Akafuta mikono, akanyoosha gauni lake la buluu.

"Kuna mwanamke mmoja," Everett aliendelea, "ambaye bila yeye nisingeupenda mti wowote."

Moyo wa Delvina ulipiga mpaka akaogopa wenzake watausikia. Mama hakumjua huyu, alijiambia. Kwa hiyo ananisema mimi. Atanitaja mimi kwanza, halafu mama. Aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa ukumbini.

"Alikuwa mgonjwa, vuli yake ya mwisho, na alinitania kwamba nimetumia maisha kutafuta matufaha yaliyopotea na sijampa hata moja. Nikamwahidi. La kwanza nitakaloligundua litakuwa lake."

Ukutani ikatokea picha ya mwanamke mwenye kofia ya majani, anacheka, sepetu mkononi, pembeni ya mche mdogo mbele ya nyumba nyeupe. Ikafuata picha ya tufaha la Aurore. Chini yake, kwa herufi kubwa: MURIEL.

Watu walipiga makofi. Wa mbele walipiga kweli, wengine ni wageni, hawajui. Wa nyuma walianza, wakakumbuka mti ni wa nani, mikono ikabaki hewani. Kichwa kimoja kiligeukia dirisha la jikoni, kikafuata kingine, mpaka safu tano za mwisho zikawa zinatazama jikoni badala ya ukutani.

Delvina aliondoa mkono kwenye kitasa. Alichukua aproni, akaivaa tena, akaifunga mafundo mawili.

Mtu akipigwa kofi na adui anajua la kufanya. Lakini hapa adui alikuwa nani? Kama angekuwa mwanamke hai, aliyekaa mbele na midomo myekundu, Delvina angemchambua kuanzia viatu. Huyu alikuwa marehemu, mwenye kofia ya majani, mwenye uso mwema. Mke mwenza wa kaburini hana kasoro. Kila mwaka anazidi kuwa mzuri. Na Delvina mwenyewe ndiye aliyechuma matufaha, akayaosha, akayakata, akayapanga kwenye sahani kwa ajili ya sherehe ya mtu mwingine. Alikuwa mpishi kwenye harusi ya bwana wake.

Bi Hattie, ambaye kwa umbea wake wote alikuwa na moyo, alitoka haraka akasimama mbele ya watu, akasema wakati umekwenda, kahawa tayari, leo jikoni hawana swali.

Mlio wa fimbo ulisikika sakafuni, safu ya mwisho kabisa. Shangazi Odile, aliyeapa kwamba hatakanyaga pale, alikuwa amekaa kwenye kona na koti lake jeusi.

"Swali la kwanza ni la jikoni," alisema. "Tangu lini jikoni hawana swali?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mlango ukafunguka, Delvina akatoka. Kisu alikisahau mkononi, na watu wa safu ya mbele wakajivuta nyuma kidogo, kwa tahadhari tu. Everett alimwona, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyemwona mwenye nyumba akirudi.

Delvina alikuwa na maneno mengi. Yalikuwa yamejazana kooni, na mengine hayafai kutamkwa chini ya paa la wakulima waungwana. Angeweza kumwanika pale pale, mbele ya wenzake wawili wa chuo waliokuja kumsikiliza. Alimtazama. Aliona ile kola.

"Nina swali dogo, Profesa," alisema. "Huyo Bi Muriel, alipata kulionja?"

Everett alilamba midomo. "Hapana. Alifariki kabla sijauona mti."

"Nilitaka kujua tu. Maana mama yangu alikuwa anakula la kwanza kila mwaka, amesimama chini ya mti. Alisema lina ladha ya jambo ambalo mtu alikukataza." Aligeukia mlango wa jikoni. "Aliitwa Aurore. Kama kuna mtu anaandika."

Akarudi jikoni. Nyuma yake ukumbi ulikuwa kimya, kimya kile cha watu mia ambao kila mmoja anangoja mwenzake akohoe.

Haikupita muda Everett akaingia kwa mlango wa nyuma. Wanawake wote, kwa pamoja, wakakumbuka kwamba viti vya ukumbini vinahitaji kukunjwa, na kwamba vinakunjika vizuri zaidi karibu na dirisha la jikoni. Bi Hattie, kabla ya kutoka, alifunga bomba. Maji yalikuwa yanapiga kelele, huwezi kusikia kitu.

"Delvina."

"Shika taulo, ufute sahani. Hapa hatusimami bure."

Alishika taulo. Alikuwa na vidole virefu, vyenye makovu madogo ya visu, na Delvina alijikataza kuvitazama akashindwa.

Everett alisema hakukusudia. Alisema kwa kituo, akipumzika katikati kama anayepanda ngazi, kwamba ahadi ya Muriel ilikuwa ya kweli, aliitoa kando ya kitanda cha hospitali, na mtu hawezi kuivunja ahadi ya namna hiyo. Delvina alisema yeye hajamwomba avunje. Akamuuliza, kama ahadi ilikuwa na mwenyewe, kwa nini aliigawa mara ya pili mezani kwake.

"Kwa sababu ulikuwa umesimama na upawa," Everett alisema. "Ulikuwa umesimama pale, mvuke usoni, na nikakutazama, na kwa kitambo hicho nilisahau kama nilikuwa nimewahi kumwahidi mtu yeyote kitu chochote. Hilo halikuwa limenitokea tangu Muriel afe. Kusahau."

Yalikuwa maneno mazuri, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa ya kweli. Dirishani kiti kimoja kiliacha kukunjwa katikati.

"Ukakumbuka lini?"

"Jioni ileile. Njiani kurudi."

"Mei."

"Mei."

"Kwa hiyo kesho yake, ulipokuja na kikonyo chako, tukafunga utepe, ulikuwa unajua."

Everett aliendelea kufuta sahani.

"Na majira yote ya joto ukila maharagwe yangu, nikikuhadithia mama alivyosimama mbele ya shoka, ulikuwa unajua. Na leo asubuhi nilipokwambia nimechagua mazuri kwa heshima yake. Ulinijibu nini, Everett?"

Alikuwa anafuta sahani ileile. "Nilisema yanapendeza."

"Yanapendeza," Delvina alirudia, taratibu, kama anayeonja kitu kilichoharibika ili ahakikishe.

Everett alisema alikuwa mwoga. Kila juma alijiambia atamweleza, na kila juma alimkuta ana furaha, akaona afadhali furaha hiyo iishi juma moja zaidi. Alisema alidhani Delvina akisikia jinsi Muriel alivyoumwa, akisikia pamoja na watu wote, ataelewa.

"Ulitaka nielewe mbele ya watu," Delvina alisema, "ili nisiweze kulia."

Hapo yeye mwenyewe akashangaa, maana hakujua kama alikuwa anajua hivyo mpaka aliposema. Na Everett akainamisha kichwa, kwa sababu naye hakuwa anajua.

"Ungeniomba," Delvina akasema kwa sauti ndogo. "Hilo ndilo linaloniua. Ungekaa pale mezani ukaniambia, Delvina, nilimwahidi marehemu mke wangu, naomba jina. Ningelia siku moja. Siku mbili. Kisha ningekupa. Mama yangu hakuwa mtu wa kugombania na mgonjwa. Angesema mpe, maskini, amecheka vizuri kwenye picha. Ningekuwa nimelitoa mimi, kwa mkono wangu. Umeniibia kitu ambacho ningekupa bure."

"Nitalifuta," Everett alisema. "Jumatatu nitawaambia chuoni, nitalibadilisha, litaitwa Aurore kama nilivyo..."

"Usithubutu. Umemvisha jina mbele ya ukumbi mzima, sasa utamvua? Mwanamke wa watu, amelala zake. Mwache nalo."

Macho ya Everett yaliinuka, na ndani yake kulikuwa na mwanga mdogo, ule wa mwanafunzi anayedhani amefaulu.

"Lakini kikonyo kwangu hupati."

Mwanga ukazimika. Alikuwa mtu wa miti, hakuhitaji kuelezwa. Tufaha halioti kwa jina. Bila kikonyo kilichokatwa kwenye mti wenyewe hakuna mche, bila mche hakuna shamba, na Muriel angebaki neno tupu ukutani, chini ya picha.

"Delvina, mti ule ukipigwa na dhoruba nyingine..."

"Utakufa. Nami nitasikitika. Machi atakayetaka kikonyo atakuja kubisha kwangu, nitamuuliza anakwenda kuuitaje, na jibu lake ndilo litakaloamua kama natoa kisu. Wewe una jina, mimi nina mti. Tumegawana."

"Na sisi?"

Delvina alimtazama kwa kirefu. Yale masikio makubwa, mekundu sasa kwa sababu nyingine. Kwenye nywele zake kulikuwa na unyasi mkavu, na mkono wa Delvina ulitaka kwenda kuutoa, mkono mjinga, haukuwa umepata habari. Aliuzuia kwa kushika ukingo wa sinki.

"Sahani hiyo imeshakauka, Profesa," alisema.

Everett aliiweka mezani polepole, taulo juu yake. Akatoka kwa mlango alioingilia. Dirishani viti vyote vikaanza kukunjwa kwa mpigo mmoja, na kimoja kikamng'ata mtu kidole.

Njiani Delvina aliendesha pikapu na Shangazi Odile akakaa pembeni, sahani ya mabaki mapajani, imefunikwa kitambaa. Delvina alikuwa anangoja. Alijua linakuja, alijua hata maneno yake, na alikuwa ameshatayarisha jibu. Walipita kanisa, wakapita daraja. Shangazi alifunua kitambaa, akachungulia.

"Bado meupe," alisema. Akafunika.

Basi. Hakusema lingine, na hapo ndipo Delvina alipojua kwamba hali ni mbaya kweli, kama hata Shangazi anamhurumia.

Jua lilikuwa bado juu ya miti walipofika. Delvina hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, na gauni lake la buluu, mpaka kwenye mtufaha. Majani mengi ya mti wa mama yalikuwa yameshaanguka. Kile kikonyo cha Mei, kwenye tawi la chini, kilikuwa kimerefuka urefu wa mkono, na majani yake yote yalikuwa bado ya kijani, kama mgeni asiyejua kwamba sherehe imekwisha. Alielewa sasa kilikotoka. Kilikatwa kwenye ule mche wa kwenye picha, mbele ya nyumba nyeupe, pembeni ya sepetu. Everett alisema ni mti wa nyumbani, naye hakuuliza nani aliupanda.

Nyuma yake alisikia fimbo kwenye majani makavu. Shangazi alikuwa ametoka kibandani na msumeno wa kupogolea kwapani, sahani mkononi.

"Kata," alisema. "Mke mwenza kakaa juu ya mama yako tangu Mei, na wewe unammwagilia maji."

Delvina hakuuchukua msumeno. Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, ambayo hakukumbuka kuivua, akatoa kisu chake cha matufaha. Akapiga goti moja chini ya tawi.

Utepe ulikuwa bado pale, umekaza, umeanza kuzama kwenye ganda. Ukiachwa, tawi linanenepa linajinyonga. Ndiyo maana lazima ufunguliwe kabla ya baridi, na ndiyo maana walikuwa wamekubaliana kuja kuufungua leo, wote wawili, halafu wanywe chai. Aliupitishia ncha ya kisu kwa uangalifu, asiguse ganda, kama alivyofundishwa. Utepe ukaachia. Ulibaki umejikunja mkononi mwake, umeshika umbo la kiungo. Aligusa mahali pale kwa kidole. Palikuwa pameungana, laini. Hungejua upi umeanzia wapi.

Shangazi alikuwa anasubiri. "Umekata nini?"

"Utepe."

"Na tawi?"

Delvina alisimama, akapangusa goti.

"Huyu hakuniahidi kitu, Shangazi."

Bibi kizee alimtazama, akautazama msumeno, akauegemeza kwenye shina kwa kinyongo cha mtu aliyenyimwa kazi nzuri. Kisha akamsogezea ile sahani aliyokuwa nayo mkononi, kitambaa na vyote.

Delvina alikumbuka kwamba alikuwa amekata tangu asubuhi na hajala hata kipande. Alichukua kimoja, bado cheupe, akakitia mdomoni akiwa amesimama chini ya mti, pale pale alipozoea kusimama mama yake. Alitafuna. Alitaka kiwe kimechacha. Alitafuta uchachu kila pembe ya ulimi.

Kilikuwa kitamu vilevile, na hapo ndipo alipolia.